Chupa Tisa za Ukungu

Kufikia siku ninayoisimulia, Dorika alikuwa amedanganya mara tisa tu katika utu uzima wake, na mara zote tisa uongo wenyewe aliufunga kwa kizibo, akauandikia tarehe, akaupeleka ukahifadhiwe kwenye baridi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akamdhania mama wa watu kuwa ni laghai. Katika kitongoji chao, mwendo wa nusu saa kupanda kutoka Ulemo wilayani Iramba, Dorika ndiye aliyeaminiwa kushika ufunguo wa kanisa na ufunguo wa stoo ya mbegu. Hakuna mwingine aliyewahi kupewa vyote viwili.

Kazi iliyomponza ilikuwa nyepesi. Juu ya kilima, nyuma ya nyumba yao, watu wa chuo kikuu walisimika nguzo mbili na kutandaza wavu mweusi katikati yake. Asubuhi za masika ukungu ulipopanda kutoka bondeni ulinasa kwenye wavu, ukageuka matone, matone yakashuka kwenye mfereji wa plastiki hadi ndani ya chupa. Pembeni palikuwa na faneli ya kukinga mvua. Walitaka kujua mvua na ukungu vya Iramba vinabeba nini kutoka angani. Dorika alipanda alfajiri, akavaa glavu, akasuuza chupa mara tatu, akakinga, akaandika tarehe, kisha akazipeleka kwenye friji la sola lililofungwa ofisi ya kijiji.

"Siku isiyo na ukungu, mama, andika sifuri," Dakta Theodora alimwelekeza. "Sifuri nayo ni jibu."

Hapo ndipo wasomi na sisi tunapopishana. Kwa Dorika sifuri ilikuwa aibu. Kule kwao jirani akikuletea kitu kwenye bakuli, bakuli lake halirudi tupu. Utatia mayai mawili, utatia chumvi, ukikosa kabisa utatia hata fungu la mlenda, lakini tupu halirudi, isipokuwa nyumbani kuna msiba. Sasa mwezi wa pili mvua ilikatika, ukungu ukagoma kupanda siku tisa mfululizo, na yule dakta alikuwa ameleta chupa mpya zinazong'aa kwa mkono wake mwenyewe. Dorika angemrudishiaje tupu? Akazijaza. Wala hakuzijaza maji ya dimbwi, alichota kisimani kwao, maji safi kuliko yote aliyopata kuyajua. Hiyo ilikuwa Februari. Sasa ilikuwa Mei, na mjukuu wake alikuwa akigeuka rangi.

"Mama, njoo umtazame kwenye mwanga," aliita Evodia, mke wa mwanawe Joshua.

Dorika aliacha kupepeta alizeti, akampokea mtoto mlangoni. Peniel alikuwa na wiki kumi. Midomo yake ilikuwa kama ya mtoto aliyekula zambarau, na kucha zake vilevile. Hakuwa na homa. Hakulia sana, na hilo ndilo lililomtisha bibi yake, kwamba alitulia mno.

"Jana si alikuwa na nafuu?"

"Jana hakunywa vizuri, mama. Leo amemaliza chupa nzima, ndiyo amekuwa hivi."

"Maji uliyachemsha?"

"Nilichemsha."

"Mara moja?"

Evodia aliinamisha kichwa. Ziwa lake moja lilipasuliwa jipu, la pili likakauka lenyewe kwa homa iliyofuata, na tangu mtoto atimize wiki tatu alikuwa akinyweshwa maziwa ya kopo. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Lakini kila kopo lilipofunguliwa wanawake waliokuwepo walitazamana, naye aliona.

"Chemsha mara mbili," Dorika alisema. "Yaache yachemke mpaka yapungue nusu. Mtoto wa kopo tumbo lake ni jepesi."

"Sawa, mama."

Nesi wa zahanati mwenyewe alimsifia Dorika kwa hilo la kuchemsha mbele ya akina mama wote kliniki. Alisema wote wangekuwa hivi, kuhara kungekwisha. Kuhusu rangi, nesi alimsikiliza mtoto kifuani muda mrefu, akasema huenda ni moyo, na kipimo cha moyo kiko Dodoma.

*

Mathayo, mume wa Dorika, alikuwa mtu wa maneno machache isipokuwa kuhusu vitu viwili: ng'ombe wake na kisima chake. Kisima alikichimba mwenyewe, kiangazi kizima, na mwamba alioukuta chini aliuvunja kwa kuuwashia moto na kuumwagia maji. Maji yalipotoka yalikuwa baridi na matamu. Kuanzia hapo nyumba kumi na nne ziliacha kushuka bondeni. Alipopita njiani, watu waliokuwa wakimwita Mathayo wakaanza kumwita mzee.

Kisima kilikuwa chini ya zizi, hatua kama arobaini hivi. Zizi lilikuwa pale tangu siku za baba yake, na samadi ilikuwa imelaliana tabaka juu ya tabaka hadi uzio wa zamani umefukiwa nusu. Mvua ikinyesha, zizi lilikuwa tope jeusi hadi magotini. Mtu akiinama mle asubuhi kukamua, harufu ilimwasha macho akatokwa machozi. Ukiwa umezaliwa hapo hilo hulioni, kama vile huioni pua yako.

"Alhamisi kuna mnada," Mathayo alisema jioni, jua likiwa bado halijazama. "Nitamtoa yule dume jekundu. Mtoto aende Dodoma."

"Dume la kulimia?" Dorika aliuliza.

"Tutalima kwa mkono."

Evodia aliyekuwa akiosha chupa ya mtoto aligeuka haraka ili wasimwone anavyolia. Alifikiri wanauza dume kwa sababu ya maziwa yake.

Wakati huo akaingia Rebeka, jirani wa nyumba ya tatu, na ndoo mkononi na bakuli la karanga juu ya kichwa. Alipiga magoti kidogo. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, Mama Joshua. Nimesikia mgonjwa bado, nikasema nisije mikono mitupu."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Rebeka alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akamchungulia mtoto. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa amemzika binti yake wa miezi mitatu. Ilikuwa msimu wa kulima, mumewe alikuwa machimboni, na mtoto alibaki nyumbani na dada yake mkubwa akinyweshwa uji mwepesi. Watu walisema degedege, wengine wakasema jicho la mtu, na mmoja akathubutu kusema palepale msibani kuwa mama aliyependa shamba kuliko mtoto ameonyeshwa.

"Wangu alianza hivihivi," Rebeka alisema hatimaye. Alisema polepole, kama anayeongea na mtoto mwenyewe. "Midomo kwanza. Halafu hapa, chini ya macho."

"Usiseme hivyo," Dorika alimkatiza, tena kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Samahani, mama."

Rebeka alisimama, akaenda kisimani, akajaza ndoo yake, akaaga. Bakuli lake lilibaki. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile.

*

Gari la chuo lilifika kesho yake saa nne asubuhi. Dakta Theodora alishuka na bahasha na uso wa mtu ambaye hajaamua kama amekuja kugomba au kupongeza. Alikuwa bado kijana, mwana wa watu wa Kilimanjaro, mwenye adabu. Aliamkia wazee wote wawili, akakalia kigoda, akakataa kiti.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya chupa za Februari," alisema. "Tarehe tatu hadi kumi na moja. Chupa tisa."

Dorika alikaza kanga kiunoni. "Zina nini?"

"Zina naitreti, mama. Ile naitrojeni ya mbolea, ikishayeyuka kwenye maji. Ukungu na mvua yako ya siku nyingine vinayo kidogo sana, haifiki hata miligramu moja kwa lita. Hizi tisa zinayo mia mbili na zaidi." Alitoa karatasi yenye mistari ya rangi. Siku zote mstari ulitambaa chini, na hapo Februari ulisimama wima kama nguzo. "Wenzangu wananicheka. Wanasema mama yako wa Singida amekujazia maji ya bomba. Nikawaambia simjui mtu mwaminifu kama yule."

Wanawake wawili waliokuwa wakichota kisimani waliacha kuchota ili wasikie.

"Mama, chupa hizi zilitoka kwenye wavu?"

Mathayo alimtazama mkewe bila wasiwasi wowote. Kwake swali hilo lilikuwa la kupoteza muda tu.

"Zilitoka kwenye wavu, dakta," Dorika alisema.

Hiyo ilikuwa ya kumi, na hii haikuwa na kizibo.

Theodora alipumua kwa furaha. "Basi ni jambo kubwa. Maana tulipima pia uzito wake. Hiyo naitrojeni, baba, iko ya namna mbili, nyepesi na nzito. Umewahi kuingia zizini asubuhi macho yakawasha?"

"Kila siku," Mathayo alicheka.

"Ile inayowasha ndiyo nyepesi inaondoka, inapaa na hewa. Nzito inabaki kwenye samadi, inashuka na maji. Kwa hiyo tukikuta maji yamejaa ile nzito tunajua yamepita kwenye mavi ya mifugo. Na hizi chupa tisa zimejaa nzito. Yaani ni kama kuna zizi juu angani." Alicheka mwenyewe, akakunja karatasi.

"Mama Joshua, mpe dakta maji," Mathayo alisema, naye akiwa amefurahi kwa kuwa mgeni amefurahi. "Ayanywe ajue maji ni nini. Hayo ya angani mwachie yeye."

Dorika alikwenda mtungini, akachota, akaleta kikombe kwa mikono miwili. Theodora alikunywa hadi mwisho, akasema ni matamu kweli.

"Uzuri wake ni kwamba hakuna anayekunywa ukungu," aliendelea, akiinuka. "Lingekuwa ni suala la kisima ningefika hapa juzi, mbio."

"Kwa nini?" aliuliza Mathayo. "Yanaua?"

"Mimi na wewe hayatufanyi kitu leo. Mtoto mchanga ndiye. Akinyweshwa maji ya hivyo, damu yake inashindwa kubeba hewa. Inakuwa rangi ya kahawa. Midomo inageuka bluu, na kucha, homa hana, watu wanadhani ni moyo. Na kuchemsha ndiyo kunazidisha. Maji yanapungua sufuriani, ile naitreti haiondoki, inabaki yote." Alitia bahasha kwapani. "Haya, wazee wangu, niwahi."

Ndani ya nyumba, Evodia alikuwa akichemsha. Sufuria ilisikika ikigonga mfuniko wake. Mara ya pili, kama alivyoagizwa.

Ningependa kusema Dorika alipiga kelele papo hapo. Hakupiga. Alisimama na kikombe kitupu mkononi, akamtazama Theodora akifungua mlango wa gari, akawatazama wale wanawake wawili kisimani, akamtazama mumewe ambaye nyumba kumi na nne zinamwita mzee. Alifikiri kwamba akinyamaza tu, akaenda kumwaga ile sufuria, akaanza kuchota bondeni kimyakimya, mtoto atapona na hakuna mtu atakayejua. Alifikiri hivyo, na ninamsamehe, kwa sababu kufikiri huko hakukuchukua zaidi ya pumzi tatu. Kisha Peniel alilia ndani, kilio chembamba, kikakatika katikati.

"Dakta!" Sauti yake ilitoka vibaya. "Dakta, usiondoke. Hayakutoka kwenye wavu."

Theodora aligeuka.

"Ukungu haukuja. Siku tisa. Nikaona haya kukurudishia chupa tupu. Nikachota..." Alishindwa kumalizia, akanyoosha kidole.

Wote walifuata kile kidole. Kilikuwa kinaonyesha kisima.

"Unasema nini wewe?" Mathayo alisimama. "Unasema kisima changu?"

"Baba Joshua, mtoto."

"Ng'ombe wamelala pale tangu baba yangu! Sisi tumekunywa, tumekufa?"

Theodora hakubishana. Alifungua kisanduku kwenye gari, akatoa kijikaratasi chembamba cha kupimia, akakichovya katika ndoo ya mwanamke mmoja. Kilikuwa cheupe. Wakakitazama wote, Mathayo ameinama kuliko wengine. Ncha yake ilianza kuwa ya waridi, ikakolea, ikaendelea kukolea hadi ikapita rangi ya mwisho iliyochorwa kwenye kopo la vipimo. Mathayo aliomba kingine, akachovya kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakitia mfukoni mwa shati. Yule mwanamke alimwaga ndoo yake polepole chini, maji yakamfikia miguuni, akaruka pembeni.

"Mtoto yuko wapi?" Theodora aliuliza.

*

Hospitali ya wilaya walimtoboa Peniel kisigino, na tone lililotoka lilikuwa la kahawia. Daktari aliliweka kwenye kitambaa cheupe, akamwita mwenzake aje aone. Walimwekea hewa ya mtungi, na dawa yenyewe, ambayo nayo ni ya bluu, ikatafutwa Singida mjini, ikaletwa na basi la mchana. Theodora alikaa kwenye benchi pamoja nao hadi ilipoingia kwenye mshipa. Hakumkaripia Dorika. Afadhali angemkaripia.

"Hizo chupa tisa," Dorika alimwambia, "nimekuharibia kazi."

"Umeniharibia," Theodora alikubali. Akamtazama mtoto, ambaye midomo yake ilikuwa inaanza kurudi rangi ya midomo. "Na usingeniharibia, tungempeleka huyu Dodoma kupimwa moyo."

Evodia, aliyekuwa amemshika mtoto mguu, aliuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo hayakuwa maziwa yangu?"

"Hayakuwa maziwa yako, dada."

Ndipo Evodia alipolia kwa sauti, na wodi nzima ikadhani amefiwa.

*

Walirudi siku ya tano. Mathayo alikuwa amekwisha kufunika kisima kwa matawi ya miba, akayakandamiza kwa mawe. Dume jekundu lilikuwa bado zizini, mnada ulipita bila yeye kwenda. Majirani walichota bondeni tena. Walipopita na ndoo hawakumwita mzee, wala hawakumwita Mathayo. Walisalimia wakapita.

"Wananiuliza kwa nini sikusema," alisema, ameketi akiipa mgongo miba yake. "Kana kwamba nilijua."

Dorika alikuwa ndani, ameshika bakuli la Rebeka. Karanga zilikwisha kuliwa hospitalini. Aliliosha, akalikausha kwa kanga, akatia mayai manne. Akayatazama. Akayatoa, akatia kibaba cha unga wa mtama. Akaurudisha unga nao kwenye debe.

"Mtilie hata hayo mayai," Mathayo alisema kutoka nje, maana alimwona kupitia mlangoni. "Mtu alikuja kutuona na mgonjwa."

"Nimtilie mayai nimwambie nini?"

Mumewe alimtazama, kisha akageuza uso upande wa zizi. Alikuwa ameelewa.

Dorika alikwenda na bakuli lilivyo. Ilikuwa mchana kweupe, na njia ya nyumba ya tatu haina urefu, lakini alisimama mara mbili. Rebeka alikuwa uani akipura alizeti kwa fimbo. Alimwona, akaangusha fimbo, akakimbilia kumpokea.

"Shikamoo, mama! Nimesikia mtoto amepona! Mungu mkubwa."

"Marahaba. Amepona."

Rebeka alipokea bakuli kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na mikono ikashtuka kwa wepesi wake. Akatazama ndani. Tabasamu lake likaondoka taratibu.

"Mama Joshua," alisema, "nani kafa?"

Dorika alikaa chini, kwenye makapi ya alizeti, hakungoja mkeka.

"Uji wa mwanao, Rebeka. Yule wa Desemba. Ulikuwa unaupikia maji ya wapi?"

"Ya kwenu," Rebeka alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia niyachemshe mpaka yapungue."